Mwongozo Kamili wa Kupata Faraja ya Ulinzi wa Mungu katika Maandiko Wakati wa Dhiki

Mtu aliyefiwa, au aliyeambiwa na daktari neno ambalo hakutaka kulisikia, au aliyepoteza kazi iliyokuwa ikiwalisha yeye na watoto wake, mara nyingi hupewa mistari ya Biblia kwa wingi na kwa haraka. Hutumiwa nusu ya mstari kwenye simu, akaitikia "Amina", kisha usiku nyumba inapotulia akagundua kwamba maneno yale hayajashuka moyoni. Kosa si la Maandiko. Kosa liko katika namna tunavyoyashika, kwa kuwa tunayachukua vipande vipande kama kidonge cha kutuliza maumivu, ilhali yaliandikwa yakae na mtu siku nyingi, yamsemeshe, naye ayajibu.

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa utaratibu ninaouona unafaa kwa mtu aliyeelemewa. Asiyeweza kuzifuata zote na ashike ya kwanza na ya tatu, nyingine zitangoja. Maneno yaliyonukuliwa ni ya tafsiri ya Union, ambayo wengi wetu tumeyakariri tangu utotoni. Mwenye Biblia ya Habari Njema atakuta maana ile ile kwa Kiswahili chepesi zaidi, na kuziweka tafsiri hizo mbili kando kando kunasaidia pale ambapo neno la zamani limekwamisha maana.

Hatua ya kwanza: Tunza mwili, kisha sema kweli yako mbele za Mungu

Kabla ya kufungua Biblia, mtazame nabii Eliya katika 1 Wafalme 19. Ametoka kuwashinda manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli, malkia Yezebeli ameapa kumwua, naye amekimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaenda jangwani mwendo wa siku nzima. Chini ya mretemu, mti wa jangwani, anaomba afe: amechoka, na anaona yametosha. Mungu hamjibu kwa hotuba wala kwa karipio. Anamtuma malaika amguse na kumwambia ainuke ale, na kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula kile kile, akisema kwamba safari ni kubwa mno kwake. Mazungumzo yenyewe, yale ya sauti ndogo ya utulivu, yanakuja baadaye sana, baada ya mwendo wa siku arobaini hadi Horebu, mlima wa Mungu.

Kwa hiyo, ikiwa hujala tangu jana, kula. Ikiwa hujalala, jilaze hata kama usingizi hauji. Na ikiwa umefika pale alipofika Eliya, pa kutamani usiwepo tena, usibaki peke yako na wazo hilo. Mwambie leo hii mtu mzima unayemwamini, umwendee na mhudumu wa afya. Kufanya hivyo hakupunguzi imani yako hata chembe, kwa maana nabii mwenyewe alihitaji mkono wa kumgusa.

Baada ya mwili, sema kweli. Katika zaburi 150, aina iliyo nyingi kuliko zote ni ya maombolezo, na hilo linatosha kutuonyesha kwamba Mungu hachukizwi na anayelia mbele zake. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili ya kwanza. Twaa karatasi au daftari, uandike sentensi tatu au nne za namna hiyo juu ya hali yako wewe, bila kuzipamba: hata lini nitaamka na maumivu haya, hata lini mwenye nyumba atanidai, hata lini mwanangu hatarudi. Wapo wanaoogopa kwamba kuandika hivi ni kunung'unika. Anayenung'unika humsema Mungu pembeni, lakini anayeomboleza humwendea Mungu mwenyewe na malalamiko yake, na kule kumwendea tayari ni imani.

Hatua ya pili: Chagua kifungu kimoja tu

Mwenye dhiki hujaribiwa kurukaruka, leo Zaburi, kesho Isaya, keshokutwa Ufunuo, akitafuta mstari utakaomshtua moyo. Chagua kifungu kimoja ukae nacho kwa juma zima. Aliyevunjika moyo kwa msiba anaweza kuanza na Zaburi ya 34, isemayo kwamba "Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo". Anayetishwa na watu atajikuta katika Zaburi ya 27 au ya 56. Ambaye mambo yote yaliyomzunguka yametikisika ataisoma ya 46, na anayejilaumu kwa kosa lake mwenyewe ataisoma ya 130, kwa sababu dhiki yenye hatia ndani yake haiponyi kwa ahadi za ulinzi kabla ya kusikia neno la msamaha. Asiyejua aanzie wapi na aanze na Zaburi ya 121, ambayo ina mistari minane tu.

Hatua ya tatu: Soma polepole, kwa sauti, kifungu kizima

Hii ndiyo hatua ninayokuomba uitumie muda mrefu zaidi. Tuichukue hiyo Zaburi ya 121 tuone jinsi inavyosomwa.

Zaburi hii ni mojawapo ya zile 15, kuanzia ya 120 hadi ya 134, zinazohusishwa na wasafiri waliokuwa wakipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Basi mwimbaji wake ni mtu aliye njiani, mbali na kwake, mwenye milima mbele yake. Anaanza kwa swali: "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Simama hapo kwanza. Usikimbilie jibu. Ni milima gani unayoitazama wewe asubuhi hii? Wengi wetu hudhani kwamba milima ile ndiyo inayoleta msaada, lakini mstari wa pili unautoa msaada mahali pengine kabisa, kwa Bwana "aliyezifanya mbingu na nchi", ambaye hata milima yenyewe ni kazi ya mikono yake.

Sasa soma mstari wa tatu hadi wa nane, ukiweka kidole kila panapotokea neno la kulinda: akulindaye, mlinzi wa Israeli, mlinzi wako, atakulinda, atakulinda, atakulinda. Ni mara sita, na katika Kiebrania pia ni neno lile lile moja mara sita. Aliyeitunga hakuishiwa na maneno. Mtu mwenye hofu hasikii kitu mara moja, kama vile mtoto aliyeamka na ndoto mbaya asivyotosheka na "nipo" moja ya mama yake. Tazama pia jinsi ulinzi unavyosogea karibu: mstari wa nne unasema juu ya mlinzi wa Israeli, yaani wa taifa zima, wa tano unasema "mlinzi wako", wewe mmoja. Kisha angalia ni nini kinacholindwa. Mguu usisogezwe, nafsi, kutoka kwako na kuingia kwako. Mzunguko wote wa siku umo humo, na mpaka wake ni "tangu sasa na hata milele", muda unaovuka siku ya kifo.

Mwisho, rudi kwenye maneno haya: "hatasinzia wala hatalala usingizi". Anayekesha wodini akiuguza, au anayelala macho wazi akihesabu madeni, ataelewa neno hili kuliko mwalimu yeyote wa theolojia. Kwa kuwa yuko mmoja ambaye hasinzii, si lazima nawe ukeshe.

Kusoma kwa namna hii huchukua robo saa, nusu saa ukitulia. Kesho soma zaburi hiyo hiyo tena. Siku ya tatu utaona kitu ambacho siku ya kwanza kilikupita. Waliosoma Zaburi ya 23 miaka na miaka huweza kupitwa na badiliko dogo lililo katikati yake: katika mistari mitatu ya kwanza Daudi anamsimulia Mungu kama aliye pembeni, hunilaza, huniongoza, hunihuisha, lakini akiingia katika bonde la uvuli wa mauti anaacha kusimulia na kuanza kusema naye uso kwa uso, "kwa maana Wewe upo pamoja nami". Mahali penye giza kuliko pote ndipo palipoleta neno "Wewe". Badiliko hili halionekani kwa mtu anayesoma mstari mmoja uliokatwa, na ndiyo sababu nasisitiza kifungu kizima.

Hatua ya nne: Pima ahadi inaahidi nini hasa

Hapa ndipo wengi huumia. Mtu anaipokea Zaburi ya 91 akiielewa kwamba hakuna ugonjwa utakaoingia nyumbani mwake, ugonjwa unaingia, na sasa ana maumivu mawili: ugonjwa wenyewe, na wazo kwamba ama Mungu amesema uongo, ama yeye hana imani. Ni mzigo wa kikatili, na mara nyingi huwekwa na watu waliokusudia kufariji.

Biblia yenyewe inatuonyesha jinsi zaburi hii inavyoweza kusomwa vibaya. Katika Mathayo 4, anayeinukuu ni Shetani. Amemsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamwambia ajitupe chini, kwa kuwa imeandikwa kwamba malaika wataagizwa wamchukue. Linganisha nukuu yake na Zaburi ya 91:11 utaona kwamba ameacha maneno "katika njia zako zote". Yesu hakatai ahadi; anakataa kuifanya kuwa mtego wa kumjaribia Mungu, na anajibu kwa Kumbukumbu la Torati 6:16. Ukiendelea kuisoma zaburi hadi mwisho utakuta Mungu mwenyewe akieleza ulinzi wake ni wa namna gani: "Nitakuwa pamoja naye taabuni". Neno hilo "taabuni" lisingekuwapo kama ahadi ingekuwa kwamba taabu haitafika.

Vivyo hivyo Isaya 43:2: "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe". Kupita kumechukuliwa kuwa jambo litakalotokea; kilichoahidiwa ni nani atakuwa kando yako. Vijana watatu wa Danieli 3, waliotishiwa tanuru ya moto kwa kukataa kuisujudia sanamu, walilijua hili walipomwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo", hawatasujudu vilevile. Na Matendo 12 inaweka mbele yetu, katika sura moja, mitume wawili na mfalme mmoja, Herode: Yakobo anauawa kwa upanga, Petro anatolewa gerezani na malaika. Luka, mwandishi wa Matendo, haelezi kwa nini. Hasemi kwamba Yakobo alipungukiwa na imani au kwamba kanisa halikumwombea. Nasi tusiseme hivyo juu ya jirani yetu aliyezika mtoto.

Yeremia 29:11 nao unahitaji uangalifu huu, kwa kuwa ndio mstari unaotumwa kuliko karibu yote. Mawazo ya amani na tumaini ambayo Bwana anayasema yamo katika barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10 unaotangulia unawaambia kwamba watakaa huko miaka 70. Sura moja nyuma, nabii Hanania alikuwa amewaahidi miaka miwili tu, na huyo alikuwa nabii wa uongo. Barua ya Yeremia inawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko ugenini. Ukiusoma mstari wa 11 ukiwa na habari hizi, tumaini lako halivunjiki pale mwaka unapokwisha kabla dhiki haijakwisha.

Basi, Maandiko yanaahidi nini? Kwamba Mungu yupo pamoja na watu wake ndani ya taabu. Kwamba hakuna kiumbe chochote kitakachoweza kuwatenga na upendo wake, jambo ambalo Paulo anaandika katika Warumi 8 muda mfupi tu baada ya kutaja dhiki, njaa, uchi na upanga. Na kwamba kifo hakina neno la mwisho. Zaidi ya hayo, mara nyingi sana, huokoa hata mwili, na ni halali kabisa kumwomba hilo kwa machozi. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake, yaani teso lililokuwa mwilini mwake, uondolewe. Jibu lilikuwa "Neema yangu yakutosha", lakini hakukemewa kwa kuomba.

Hatua ya tano: Geuza ulichosoma kiwe sala

Funga macho, au yafumbue ukitazama ukurasa, umrudishie Mungu maneno yake ukiyatia jina na mahali. "Asiuache mguu wako usogezwe" inakuwa: Bwana, usiuache mguu wangu usogezwe leo saa nne nitakapoingia kwa daktari. Sala fupi yenye saa na mahali ndani yake huushika moyo kuliko sala ndefu ya maneno ya jumla. Wafilipi 4:6-7 inasema haja zetu zijulikane na Mungu, na kwamba amani yake "itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu". Neno la Kigiriki lililotafsiriwa hapo ni la askari wanaolinda mji. Paulo aliyaandika hayo akiwa kifungoni, chini ya ulinzi wa askari wa kweli.

Na maneno yakikosekana kabisa, kaa kimya. Warumi 8:26 inasema kwamba Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.

Hatua ya sita: Weka neno moja tayari kwa ajili ya usiku

Saa nane za usiku hakuna anayeweza kutafuta sura. Kariri mstari mmoja mfupi mchana, wakati akili imetulia. Zaburi 56:3 ina maneno machache tu: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Daudi hajasema kwamba haogopi, amepanga tu la kufanya siku atakapoogopa. Wengine hupenda Zaburi 4:8, "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara". Sema nusu ya mstari ukivuta pumzi na nusu ukiitoa, pole pole, bila kuhesabu. Ukilala katikati ya mstari, umelala salama.

Hatua ya saba: Pokea ulinzi unaokuja kwa mikono ya watu

Wapo wanaofikiri kwamba kwenda hospitali, kuhama nyumba yenye kipigo au kuomba msaada wa fedha ni kumwonyesha Mungu kwamba hatumwamini. Soma Matendo 23. Usiku Bwana anasimama karibu na Paulo aliyefungwa ngomeni na kumwambia awe na moyo mkuu, kwa kuwa imempasa kushuhudia Rumi pia. Asubuhi yake zaidi ya watu arobaini wanaapa kutokula wala kunywa hadi wamwue. Ahadi ya Bwana ilitimizwa kwa njia gani? Mtoto wa dada yake Paulo alisikia njama ile, akaingia ngomeni, akamwambia mjomba wake. Paulo hakusema, "Niache, Bwana amekwisha kuniahidi." Alimwita akida na kumtaka ampeleke kijana kwa jemadari. Usiku huo akaanza kusafirishwa kwenda Kaisaria, akiondoka na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Ahadi ilitoka mbinguni. Utekelezaji wake ulipita kwa mpwa mmoja mwenye masikio mazuri na jeshi la wapagani.

Kwa hiyo mwambie mtu mmoja hali yako ilivyo, kwa undani, na umwambie unachohitaji: anisindikize, anikalie na watoto, asome nami zaburi. Anayeteswa na mtu wa nyumbani aondoke, atafute mahali pa usalama. Mithali 22:3 inasema mwenye busara huyaona mabaya na kujificha, na Daudi, mwenye zaburi nyingi za kimbilio, alizikimbia nguvu za mfalme Sauli miaka kadhaa akijificha mapangoni. Nawe uliyeitwa kufariji, kumbuka kwamba rafiki za Ayubu walifanya vema walipokaa naye chini siku saba bila kusema neno, na waliharibu walipoanza kumweleza kwa nini anateseka.

Siku ambazo hakuna kinachosikika

Zitakuwapo siku utakapozifuata hatua zote, na moyo ukabaki mkavu kama ulivyokuwa. Usihesabu siku hizo kuwa umeshindwa. Fungua Zaburi ya 88. Ndiyo zaburi ya huzuni isiyogeuka: haina mstari wa shangwe mwishoni kama nyingine nyingi, inaishia gizani, na bado waliokusanya Zaburi hawakuiondoa. Mwenye kuiandika anamwita Bwana "Mungu wa wokovu wangu" katika mstari wa kwanza, anasema mchana na usiku amelia mbele zake, na katika mstari wa 13 anasema kwamba asubuhi sala yake itamfikia. Isome kwa sauti yote, mistari 18, bila kuiongezea chochote. Kama sauti yako haitoki, mpe Biblia aliye karibu nawe akusomee, wewe usikilize tu. Kisha uache alama kwenye ukurasa huo, ili kesho asubuhi usilazimike kutafuta.